Kihisi cha treni kinafanya kazi usiku, asubuhi hakioni kitu

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina reli ya treni za mfano za kipimo cha HO mezani. Ili taa ya stesheni iwake treni ikiingia, nimeweka LED ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) upande mmoja wa reli, fototransista (kihisi cha mwanga) upande wa pili, na LM393 (chipu ya kompareta, yaani ya kulinganisha volti) kwa volti 5. Usiku taa inawaka. Asubuhi jua likiingia dirishani, treni inapita na taa haiwaki. Tena hata usiku taa inapepesa katikati ya mabehewa. Nibadilishe rezista?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Rezista ziache kwanza, saketi yako ni nzima. Jua lenyewe limejaa infraredi, tena kali kuliko ya LED yako. Treni inaikinga LED, lakini jua linaendelea kuimulika fototransista, na LM393 inadhani reli iko tupu.

Badilisha pande: fototransista ilipe dirisha mgongo, LED ndiyo ilitazame. Kisha ivishe fototransista mrija mweusi wa sentimita 2. Hapa wengi hukosea, maana plastiki nyingi nyeusi hupitisha infraredi ingawa jicho linaona giza. Weka mrija mbele ya rimoti ya TV, bonyeza, utazame kwa kamera ya mbele ya simu. Ukiona kimwanga cha zambarau kinapenya, zungushia karatasi ya alumini kwa nje.

Potenshomita (rezista ya kuzungusha inayoipa LM393 kizingiti, yaani volti za kulinganishia) irekebishe asubuhi hiyohiyo, jua likiwa kali. Pima volti za fototransista reli ikiwa tupu, pima tena behewa likiwa mbele yake, uweke kizingiti katikati ya vipimo hivyo viwili.

Kupepesa kunatokana na nafasi kati ya behewa na behewa. Pitisha miale kimshazari, kama nyuzi 45, kwa usawa wa bodi za mabehewa. Isipotosha, LM393 ina kompareta mbili, na ya pili bila shaka umeiacha bure. Ya kwanza, ikiona treni, ishushe volti za kapasita ya mikrofaradi 10 kupitia dayodi ya 1N4148; treni ikiondoka, rezista ya kilo-omu 100 iijaze tena polepole kutoka volti 5. Kompareta ya pili isome kapasita hiyo kwa kizingiti cha volti 3 hivi, na ndiyo iongoze taa. Utapata karibu sekunde moja ya subira, inayotosha kuvuka nafasi hizo.

Jua likizidi kukushinda, ng'oa kipokezi cha rimoti kwenye TV mbovu. Vingi husikiliza mwanga unaopigapiga kwa kilohezi 38, na jua havilijali. Lakini ukikimulika mfululizo hupunguza usikivu wake, kwa hiyo LED itoe mipigo mifupi yenye mapumziko.