Meza ya Jirani: Kwa Wanaoanza Kazi ya Manukuu

Wiki hii nimepitia rasimu tatu za mazoezi ya manukuu, yaani tafsiri inayoandikwa chini ya skrini, kutoka kwa wadogo zangu mliojiunga nasi karibuni, zote za filamu moja ya Kijapani, Jangwa la Namibia ya mwongozaji Yoko Yamanaka, na katika zote tatu nimekuta kosa ambalo nilidhani nimelizika mwenyewe miaka michache iliyopita. Kwa kuwa ninyi si wavivu, na kwa kuwa nawapenda kuliko ninavyoonyesha kwenye wino mwekundu, nimeona niandike haya mara moja badala ya kuyarudia kwa kila mmoja wenu kando.

1. Jina la filamu liachwe lilivyo. Mwenzenu mmoja amelisahihisha kuwa "Jangwa la Namib", na kijiografia yuko sahihi kabisa, lakini Yamanaka hakuita filamu yake hivyo. Kana, msichana wa miaka 21 anayefanya kazi ya kuondoa nywele za wateja katika saluni ya urembo jijini Tokyo, hutazama kwenye simu yake wanyama wakija kunywa maji jangwani, na wala hajifunzi jiografia, anatazama tu.

2. Kiolezo cha Kiingereza, lile faili la manukuu ya Kiingereza tunalopewa tulifuate, ni fimbo ya kutembelea, si macho. Hapa ndipo lilipo kosa lenu nyote watatu, na ndipo pananiuma, kwa hiyo mnivumilie.

Nilipewa filamu hii kwa ajili ya onyesho dogo, la watu wapatao 40, na nikapewa siku nne. Mnajua zilivyo siku nne kwa filamu ya dakika 137. Mwanzoni kabisa Kana anakutana na rafiki yake mkahawani, na rafiki huyo anampa habari nzito: mtu waliyesoma naye amejiua. Wakati huohuo, meza ya jirani, watu wanapiga soga kuhusu mkahawa ambao wahudumu wake hawakuvaa nguo za ndani. Sauti ya meza ile inapanda taratibu mpaka inaifunika sauti ya rafiki, kwa sababu sisi tumewekwa ndani ya sikio la Kana, na sikio la Kana limeshahama.

Kiolezo kilikuwa na mazungumzo yote mawili. Mimi, kwa kiburi cha mtu aliyekariri kanuni, nikahesabu: mistari miwili, herufi 42 kwa mstari, herufi 17 kwa sekunde, na hapa kuna watu wanaosemeana juu kwa juu. Nikafuta meza ya jirani yote. Nilijiambia kwamba mtazamaji hahitaji upuuzi wa wapita njia wakati kuna msiba mezani, na nikajiona mhariri mwenye busara. Habari ya kifo niliitafsiri kwa Kiswahili kizuri sana, chenye staha, ambacho mpaka leo sioni neno la kubadilisha, na ubaya wa jambo lenyewe uko hapohapo.

Siku ya onyesho nilikaa nyuma, nikisubiri kupongezwa. Taa zilipowashwa, mama mmoja mtu mzima alisimama akasema kwa upole kwamba binti yule hana utu, kwani ameambiwa msiba akageuza shingo kama mbuzi aliyeona jani. Ukumbi ukakubaliana naye. Nikaelewa kwamba kwa saa mbili na ushei zilizofuata, kila Kana alipodanganya, alipomwacha Honda, mpenzi aliyempikia na kumtunza, alipoanza kuishi na Hayashi, mpenzi wake mpya, na kupigana naye, watu wale walikuwa wakiongeza mashtaka kwenye faili lililofunguliwa pale mkahawani. Mwenye kulifungua nilikuwa mimi. Yamanaka alikuwa amewapa nafasi ya kupotewa na umakini pamoja na Kana, wajikute nao wanasikiliza upuuzi wakati mtu amekufa, waone haya kidogo. Mimi niliwaondolea haya hiyo, nikawaachia hukumu.

Kisha kijana mmoja akauliza: "Samahani, kaka, pale mwanzo kulikuwa na sauti nyingine inayopanda juu ya ile ya rafiki. Walikuwa wanasema nini?" Nami, wadogo zangu, mbele ya watu 40, nikajibu kwamba zilikuwa kelele za mkahawa tu.

Usiku ule nilivaa spika za masikioni nikaicheza sehemu ile mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Suluhisho lilinichukua nusu saa: mistari ya meza ya jirani kwa herufi za mlazo, rafiki kwa herufi za kawaida, na pale zinapogongana namkata rafiki katikati ya sentensi, kwa sababu hata Kana hakuisikia ikiisha. Nilituma faili jipya. Onyesho halikurudiwa. Watu wale bado wanamjua Kana wangu, na bado wanamlaumu.

3. Chungeni viambishi. Kijapani kinaweza kuacha mtenda na mtendwa nje ya sentensi na watu wakaelewana. Kitenzi chetu kinadai kujua nani kamfanya nani nini. Kana anapopata picha ya ultrasaundi kwenye vitu vya Hayashi, na mimba iliyotolewa ya mpenzi wa zamani wa Hayashi ikageuka kuwa silaha ya kila ugomvi, kati ya "alitoa", "mlitoa" na "ulimfanya atoe" kuna washtakiwa watatu tofauti. Mmoja wenu ameandika "ilitoka", ambayo haishtaki mtu yeyote na inamfanya Kana aonekane anapigana na hewa. Sikilizeni anamwelekea nani. Mkikwama, mtazameni Yuumi Kawai, anayemwigiza Kana, usoni kabla ya kufungua kamusi, maana mwigizaji yule husema kwa mabega mambo ambayo mdomo wake umeyakataa.

4. Vishindo na miguno ya ugomvi haihitaji manukuu.

5. "Samahani" na "pole" si ndugu. Honda anaomba radhi sana, na kila mara amueni kama anakiri kosa au anamhurumia Kana. Kiolezo kitawapa neno moja kwa yote mawili.

6. Msimtibu. Daktari anapozungumza naye anataja uwezekano tu, lakini mwenzenu mmoja kamwandikia "kichaa" tangu ugomvi wa kwanza, na mwingine, pale Kana anapotokea ghafla kwenye mashine ya kukimbilia katika rangi ya waridi akijitazama kwenye simu akipigana, ameweka mabano: "[Anaota]". Nani kakwambia, mwanangu? Mabano hayo yafutwe. Nakiri nilicheka, kwa kuwa mwaka wangu wa kwanza niliwahi kuweka "[Huzuni]" juu ya mtu aliyekuwa anapiga mswaki.

7. Lugha ikibadilika, ionekane imebadilika. Mama yake Kana ana asili ya China, na mwishoni Kana anatamka Kichina, "ting bu dong", maana yake sielewi. Wote watatu mmeandika "Sielewi" tu, kana kwamba ni Kijapani kilekile alichokuwa akizungumza tangu mwanzo, na kwa hiyo Hayashi, ambaye haelewi neno lenyewe la kutoelewa, anabaki kama mtu asiyesikia vizuri. Acheni Kichina kisimame kwenye skrini kwa herufi zetu, halafu maana ije pale Kana mwenyewe anapoitoa. Mtazamaji wetu naye akae sekunde mbili bila kuelewa, kama Hayashi.

Rasimu za pili nazisubiri Jumatatu, na ya kwanza nitakayoifungua nitaanza kuisoma kwenye meza ya jirani.