Kitambi kinavyopandisha sukari hata kama soda uliacha

Mkuu, umeuliza iweje sukari ya asubuhi ipande wakati chai unakunywa kavu na soda uliacha. Anzia kiunoni. Seli za mafuta zinatoa homoni usiku na mchana, na homoni hizo zina sauti kubwa katika kuamua kama insulini, homoni inayofungulia sukari mlango wa kuingia kwenye seli, isikilizwe au ipuuzwe.

Leptini, iliyogunduliwa 1994 na timu ya Jeffrey Friedman kule New York, inauambia ubongo akiba ipo, acha kula. Mwenye kitambi anayo tele, ila ubongo umeizoea kama ngurumo ya jenereta la jirani.

Ninayoipa uzito zaidi ni adiponektini. Hii inalizuia ini kutengeneza sukari ovyo na kuisukuma misuli ichome mafuta. Kioja chake: mafuta ya tumboni yakizidi, yenyewe inapungua. Seli zilizovimba na askari wa kinga waliojazana humo wanamwaga kemikali kama TNF-alfa, zinazoharibu ujumbe wa insulini ndani ya seli: inabisha hodi, mlango haufunguki. Kongosho linafidia kwa kuzidisha insulini, vipimo vinaonekana safi kwa miaka, kisha linachoka. Usiku huna chakula tumboni lakini ini linaendelea kumwaga sukari. Ndiyo hiyo unayoikuta asubuhi.

Ila kukosa mafuta kabisa nako ni balaa. Wenye lipodistrofi, ugonjwa wa kukosa mafuta mwilini, hupata kisukari kikali, kwa sababu mafuta ya chakula yanakosa ghala yanahamia kwenye ini na misuli. Hao sindano ya leptini inawafaa. Wanene wa kawaida haikuwafaa kitu.

Chukua tepu ya fundi cherehani, pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumzi ikiwa imetoka. Wengi hupima pale mkanda wa suruali unapokaa, chini ya kitambi, wakajidanganya. Ukifika sentimita 94 kwa mwanaume au 80 kwa mwanamke, kapime sukari baada ya kukaa masaa 8 bila kula. 6.1 hadi 6.9 mmol/L ni onyo, 7.0 kwenda juu, ikirudiwa siku nyingine, ni kisukari.

Mwenye kilo 90 akipunguza 6 tu, insulini inaanza kusikika. Kama tayari unameza glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, mwone daktari kabla hujaanza kupunguza uzito: dozi ile ile sasa inaweza kuishusha sukari mpaka ukatetemeka na kutoka jasho.