Ames pekee haitoshi kwa chembe za nano

Mkuu, umeuliza kama jaribio la Ames, kipimo cha kuona kama kitu kinabadilisha jeni za bakteria, lililotoka hasi linatosha kuonyesha kwamba unga wenu wa nano (wa chembe ndogo mno) wa titani dioksidi hauharibu DNA. Halitoshi, na mshauri aliyewaambia linatosha mbaneni kwa maswali. Ames hutumia bakteria, na bakteria hawamezi chembe kama seli zetu zinavyofanya. Jibu hasi hapo huenda lina maana tu kwamba chembe hazikuingia ndani.

Ombeni jaribio la maikronyukliasi, yaani la kutafuta viini vidogo vya ziada vinavyobaki seli ikigawanyika huku kromosomu zake zimeharibika, kwenye seli za mamalia, mwongozo namba 487 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la kimataifa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: sitokalasini B, dawa inayotumika katika jaribio hili kuzuia seli kukamilisha kugawanyika, huzuia pia seli kumeza chembe. Ikitiwa pamoja na chembe tangu mwanzo, majibu hayaaminiki. Itiwe baadaye. Maabara ipime pia ukubwa wa chembe zikiwa ndani ya kimiminika cha kukuzia seli, maana humo hushikamana kuwa mabonge.

Gharama itapanda, ndiyo. Lakini mwaka 2021 EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ilitamka kuwa titani dioksidi ya kwenye chakula, E171, haiwezi tena kuhesabiwa salama, kwa sababu tu hofu ya kuharibu DNA haikuweza kuondolewa.