Taa nyekundu ya betri: betri si mgonjwa

SWALI: Fundi, assalamu alaykum. Nina Hiace ya dizeli niliyoitia kitanda, friji dogo na inveta, naikodisha kwa wageni hapa Jambiani. Ina betri mbili. Usiku nikiwasha taa kubwa na kiyoyozi, ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi inawaka kwa mbali. Asubuhi mara nyengine gari haiwaki mpaka isukumwe, na wageni wakitia birika la umeme inveta inapiga kelele. Nishabadilisha betri mara mbili tangu Ramadhani. Sasa naambiwa nitie betri kubwa zaidi, N70. Ninunue?

JIBU: Waalaykumu salaam. Usinunue.

Ile taa ina mchoro wa betri, na mchoro huo umewatajirisha wauza betri wengi kisiwani. Waya wake hauendi kwenye betri, unakwenda kwenye altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili kutoa umeme na kuchaji betri, tundu la L katika soketi ya nyuma. Inalalamikia chaji. Betri inaweza ikafa kabisa na taa isiwake, na betri ikawa imetoka dukani jana na taa ikawaka. Tena ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini na taa isionekane kabisa, hilo nalo ni kosa: balbu imeungua au waya wa L umekatika.

Tafuta mita ya dijitali, iweke kwenye volti za DC, 20. Pima asubuhi kabla hujafungua mlango. Volti 12.6 betri imejaa, 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 imekwisha. Washa injini, kanyaga mafuta kidogo: inatakiwa iwe 13.8 hadi 14.5. Sasa washa taa kubwa, kiyoyozi na waipa. Kwa gari yako naamini volti zitaanguka hapo, na hapo ndipo pa kutafuta.

Vitu vyote vikiwa vimewashwa, weka ncha nyekundu ya mita kwenye nguzo B ya altaneta, panapotokea umeme wake, na nyeusi kwenye chanya ya betri. Isizidi volti 0.2. Kisha pima kati ya bodi ya altaneta na hasi ya betri, kipimo ni hicho hicho. Ukiona 0.5 au zaidi, altaneta inafanya kazi yake ila umeme unapotelea njiani. Gari za pwani hasa ndio ugonjwa wao. Chuna mpira wa waya inchi mbili tatu kutoka kichwani: shaba iliyotakiwa kung'aa utaikuta nyeusi kama masizi, na kwenye kichwa imeota kijani. Kusugua kwa juu hakusaidii. Kata mpaka ufike kwenye shaba safi, au badilisha waya wote. Usisahau waya wa ethi, yaani wa hasi, unaotoka injini kwenda kwenye chesisi. Huo uko chini, unakula mchanga na maji ya chumvi, na hakuna anayeutazama.

Kama njia zote mbili ni nzima na volti bado ziko chini, angalia mkanda, kisha fungua altaneta utazame kaboni, vile vipande vinavyosugua ndani na kupitisha umeme. Zikibaki milimita 2, badilisha. Ikiwa injini yako ni aina ya 2L, 3L au 5L (hayo ni majina ya injini, si lita), pampu ya vakyumu, ya kusaidia breki, imefungwa nyuma ya altaneta. Sili ikivuja, oili inaingia kwenye kaboni, na utabadilisha kaboni kila mara bila kupona mpaka sili ibadilishwe.

Kutowaka asubuhi ni jambo jengine. Nakisia betri zako mbili zimeungwa dairekti. Friji linavuta ampea 4 au 5 linapozunguka, na kwa joto letu linazunguka karibu nusu ya usiku. Hizo ni ampea-saa 30 hivi, na zinanyonywa kwenye betri zote mbili pamoja, ile ya kuwashia ikiwamo. Ukitia N70 zitakwisha vile vile, zitachelewa tu. Tia rilei inayopima volti, yaani swichi inayojiendesha yenyewe, ya kuunga betri mbili kwenye 13.3 na kuziachanisha kwenye 12.8, na fyuzi karibu na kila betri. Betri ya friji iwe ya dipu saiko, ile inayostahimili kutumika hadi chini, maana ya kuwashia ina sahani nyembamba. Ikimalizwa hadi chini mara kwa mara inakufa. Birika la wati 1,000 linavuta karibu ampea 90, kwa hiyo inveta ina haki ya kupiga kelele. Wape wageni jiko la gesi.

Na wewe unayesoma hapa na gari yako haina kitanda wala friji, maneno haya ni yako pia. Upo mtindo wa "kupima" altaneta kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiunguruma: injini ikizima altaneta mbovu, isipozima nzima. Huko si kupima. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiitoa ghafla volti zinaruka mara nyingi ya 14, na zinaweza kuunguza regulata na dayodi za altaneta, hata kompyuta ya gari. Mteja alikuja na kaboni zilizokwisha, anaondoka na bili ya kompyuta, na anaambiwa "ilikuwa mbovu toka zamani".

Wapo pia wa kuongeza asidi. Kinachopungua kwenye betri ni maji, asidi inabaki ndani. Kuongeza asidi ni sawa na kutia chumvi kwenye mchuzi uliokaukia. Tia maji ya betri, basi. Na anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi kwenye gari ambayo watu wanalala juu ya betri, huyo mimi simwiti fundi.

Ukifika gereji ukaona spana namba 10 imetangulia kwenye kichwa cha betri, injini inawaka na mita haijatoka mfukoni, zima gari uchukue ufunguo wako.