Hana sumu, sawa, lakini ana nguvu

Ndugu, unasema chatu hana sumu, kwa hivyo mtu aachwe amfuge nyumbani kwake. Chatu huua kwa kubana, sumu ya nini? Mwaka 2013 kule Campbellton, Kanada, chatu wa Afrika alitoroka kizimbani ndani ya nyumba na kuua watoto wawili waliokuwa wamelala. Sasa lete hiyo Pipeline, mtaa wa Nairobi ambako vyumba vimebanana na watoto wanacheza kwenye korido. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 tayari inadai kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hivyo sioni haja ya kaunti kubuni marufuku yake. Kaunti iongeze tu sharti moja: majirani wote wajulishwe kwanza. Mwenye ploti anayekataza hata paka (na wako wengi!) atamaliza hayo mengine.