Tenga Fungu la Jirani Kwanza: Shukrani na Zawadi za Jikoni Katika Sikukuu ya Idi

Kila Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, jamaa zangu walioanza nyumba zao karibuni huniuliza maswali yale yale: wampe nani, watoe nini, na fedha zitoke wapi, hali ya kuwa sukari, unga na samli hupanda bei katika mwezi huo huo. Jibu langu, ambalo nimelipata kwa kuishi Unguja katika nyumba isiyojua ziada kubwa, ni kwamba shukrani haingoji ziada. Mtu humshukuru Mola wake kwa kile kilichomo jikoni mwake, na njia iliyo wazi zaidi ya kumshukuru ni kutenga fungu la mwenzake kabla ya kujitengea yeye na wanawe. Yote nitakayoyaeleza hapa yametokana na jambo hilo moja.

Nianze na lililo wajibu, kwa sababu zawadi haishiki nafasi ya wajibu. Zaka ya fitri hutolewa pishi moja ya chakula kwa kila mtu aliyemo nyumbani, mkubwa kwa mdogo, mwanamume kwa mwanamke, na pishi ni vibaba vinne, ambavyo kwa mchele hukadiriwa kuwa kati ya kilo mbili na nusu na kilo tatu. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, kwamba zaka hii imewekwa ili imtakase aliyefunga kutokana na maneno ya upuuzi na machafu, na ili iwe chakula cha maskini; na kwamba anayeitoa kabla ya sala ya Idi ameitoa zaka yenye kukubaliwa, ama anayeitoa baada ya sala, hiyo ni sadaka kama sadaka nyingine. Ninalitilia mkazo suala la wakati kwa sababu maskini anastahiki kuamka siku ya Idi chakula chake kikiwa tayari ndani, si kukaa kibarazani akingoja atakayemkumbuka watu wakishatoka msikitini. Mchele huo upimwe mapema, upepetwe, na uwe ule ule mnaoula wenyewe. Zipo nyumba zinazokula mchele mzuri mwaka mzima, kisha fitri ikifika hutafutwa chenga za bei ya chini. Anayefanya hivyo huenda amekamilisha kipimo, lakini naona amejinyima raha ya kumpa mwenzake kitu ambacho yeye mwenyewe anakipenda.

Baada ya fitri ndipo inapokuja zawadi ya mkono, nayo kwetu inajulikana: vileja, visheti, kaimati, kashata za nazi, mkate wa kumimina. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba asijaribu vyote. Achague kimoja anachokijua vizuri, ambacho kinaweza kupikwa siku chache kabla ya Idi na kisiharibike, ili usiku wa kuamkia sikukuu usimkute amechoka, na ulimi wake umekuwa mkali kwa watoto. Kaimati ni tamu ikiwa moto, lakini haingoji. Visheti vinangoja kidogo zaidi, iwapo shira imeiva vizuri na kuganda juu yake. Mimi nimebaki na vileja. Samli na sukari iliyosagwa hupigwa pamoja mpaka rangi yake igeuke nyeupe, kisha hutiwa yai na iliki iliyotwangwa wakati ule ule, si ile iliyokaa kwenye kichupa tangu mwaka jana, na mwisho hutiwa unga wa mchele kidogo kidogo mpaka donge lishikane bila kunata mkononi. Asiye na oveni asivunjike moyo, kwa maana mama zetu wameoka miaka mingi kwa makaa ya juu na chini: chini machache, juu mengi, na moto wa taratibu. Kileja kilichoiva hubaki cheupe juu, na upande wa chini ndio unaogeuka rangi. Kiachwe kipoe katika sinia lake kabla ya kuguswa, kwa sababu kikiwa moto huvunjika.

Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa kawaida kwa siku zipatazo 11, Ramadhani na Idi za miaka hii zimetuangukia kati ya Februari na Aprili, wakati wa joto kali na wa mvua za masika, na unyevu ni adui mkubwa wa vileja. Nimezoea kuviweka katika makopo yenye vifuniko vinavyobana, na nikishavifunga sivifungui mpaka siku ya kuvitoa. Vikihifadhiwa hivyo hukaa wiki nzima na zaidi bila kulainika. Basi hapo, kabla ya kopo la nyumbani kujazwa, hutengwa mafungu ya watu. Mama yangu ndiye aliyenizoesha utaratibu huu. Sinia la kwanza linalotoka motoni halikuwa letu, na sisi watoto tulilijua hilo bila ya kuelezwa sana, kwa kuwa tuliliona likitendeka kila mwaka. Leo nikitaka kumfundisha mtoto shukrani, siisemi kwanza. Humpa makopo ayapange, nikamtajia nyumba moja moja, naye akahesabu kama zimetosha. Na zisipotosha, kinachopunguzwa ni kopo letu.

Kuhusu nani apewe, Bibi Aisha alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba ana majirani wawili, ampe yupi zawadi, naye akamjibu kwamba ampe yule ambaye mlango wake uko karibu naye zaidi. Jibu hili limenipumzisha na mashaka mengi. Tunapenda kupeleka vitu mbali, kwa jamaa wenye nafasi ambao tunatarajia nao watatuletea, na huku mlango wa pili kuna mtu ambaye tunakutana naye kila siku kwenye bomba la maji bila kujua atakula nini Idi. Ukishamaliza milango ya karibu, watazame wale ambao sikukuu haiwafikii kwa urahisi. Yuko mwanamke aliye katika eda ya kufiwa na mumewe, ambaye kwa miezi minne na siku kumi hatoki kwenda kutembea wala hajipambi, na Idi ikimkuta humo huikalia ndani. Huyo mimi hupenda kumpelekea mwenyewe, nikakaa naye, kwani kinachomfaa zaidi ni mtu wa kuzungumza naye kuliko hicho kilichomo ndani ya sahani. Yuko pia mpangaji aliyetoka bara kutafuta riziki, ambaye hana mama wala shangazi hapa wa kumpikia.

Na yuko jirani Mkristo. Katika mtaa wetu hatujawahi kumruka, naye hajawahi kutusahau Krismasi inapofika. Akitaka kutualika chakula humwomba Mwislamu amchinjie kuku au mbuzi wake ili sote tule bila wasiwasi, jambo ambalo limezoeleka sana katika nchi yetu na ambalo watu wa mbali wakilisikia hulistaajabia. Ninalihesabu hilo miongoni mwa neema ambazo ni rahisi kuzisahau kwa sababu tumezaliwa tumezikuta.

Sasa nije katika jambo ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu kuliko mengine, nalo ni la chombo. Ada yetu ni kwamba bakuli la jirani halirudishwi tupu: ukiletewa futari, bakuli linarudi na tambi, au embe, au angalau sukari kidogo. Ni ada nzuri baina ya watu wanaolingana hali. Lakini katika Sura ya Al-Insan, aya ya 8 na ya 9, wamesifiwa watu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa chakula ambacho wao wenyewe wanakipenda, huku wakisema kwamba wanawalisha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na hawataki kwao malipo wala shukrani. Nilipoiweka aya hiyo mbele ya ada yetu, niliona kwamba kwa mwenye dhiki bakuli langu zuri la udongo lilikuwa deni. Atalazimika kulirudisha, na hatakuwa na cha kulirudishia. Atalificha siku mbili tatu, na akikutana nami njiani atainamisha uso. Tangu nilipolitambua hilo, nyumba ambazo najua hali yake ni ngumu huzipelekea zawadi katika kitu kisichorudi: kikapu kidogo cha ukili, au kopo nililolisafisha, na mtoto huambiwa aseme wazi kwamba chombo ni chao. Bakuli na sinia lenye kawa nimeziachia nyumba ambazo tunapeana na kurudishiana kwa furaha. Anayetoa kwa ajili ya Mungu anapaswa kumwondolea anayepokea hata mzigo mdogo kama huu.

Kwa sababu hiyo hiyo nawasihi wenzangu waache kupiga picha watu wanaopokea. Kinamama wanapangwa mstari, kila mmoja ameshika mfuko wake wa unga na mchele, na jioni nyuso zao zimeenea katika simu za mji mzima. Qurani imetukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi, nami sioni simango kubwa kuliko picha ambayo mtoto wa mama yule ataonyeshwa na wenzake shuleni. Wanaokusanya michango ya watu wana haja ya kutoa hesabu, nalielewa hilo, lakini hesabu hutolewa kwa risiti na kwa picha za magunia. Uso wa maskini hauhitajiki.

Upande wa kupokea nao una adabu yake, na pengine ndio mgumu zaidi kwa watu wenye nafasi. Mtume amewausia wanawake kwamba jirani asidharau zawadi ya jirani yake hata ikiwa ni kwato ya mbuzi. Ukiletewa na mtu wa hali ya chini sahani ya visheti vigumu vilivyokosa samli ya kutosha, visilale kabatini mpaka viote ukungu, wala usimpe mtu mwingine huku aliyekuletea akiwa bado yupo mlangoni. Kula kimoja pale pale, msifu mkono wake, na umwombee dua kwa jina lake. Mtume amesema kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu, na mtu yule amekupa fungu kubwa la mali yake kuliko ulilompa wewe la mali yako.

Mkono wa Idi wa watoto sitausemea mengi. Wape kwa kadiri yako, na uwape sawasawa wa kwako na wa jirani mbele ya macho yao, kwa sababu mtoto akishafika kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja na nguo zake mpya atalinganisha tu.

Limebaki jambo moja ambalo wengi hulisahau. Idi inapokwisha, vikapu huacha kupita, na kila nyumba hurudi kwenye shughuli zake. Ila wamo miongoni mwetu, hasa wazee, wanaoanza kufunga siku sita za mwezi wa Shawwal. Katika Ramadhani mtu hufuturu akisikia sufuria na miko ya mtaa mzima, lakini katika sita hufuturu peke yake, mara nyingi kwa chai na kipande cha mkate, kwa kuwa nyumba haikupika futari. Ukijua jirani yako amefunga, zidisha maji katika mchuzi wako kama Mtume alivyomuusia sahaba wake Abu Dharr, chemsha muhogo au ndizi kwa nazi, na umpelekee kabla ya adhana ya Magharibi. Makopo yangu mwaka huu nimeyapunguza kwa makusudi, ili unga na samli vibakie vya kupikia wiki hiyo.