Mashine ya kulala na medikali ya dereva: mumeuliza, sasa nawajibu

Tangu niseme hapa kwamba mimi hulala na mashine ya CPAP, simu yangu haijapumzika. Nilidhani mtanicheka, kumbe mko wengi mnajificha. Kwa wenye hawaijui, ni kamashine kadogo kanakaa kando ya kitanda, kanasukuma hewa kwa hosi mpaka kwa maski ya pua, na hiyo hewa ndiyo inazuia koo isijifunge ukilala. Ugonjwa wenyewe unaitwa apnia ya usingizi, yaani pumzi inakatika mara kwa mara usiku na hujui, halafu mchana unasinzia kwa usukani. Mimi si daktari, nimeendesha trela Mombasa–Malaba miaka 19 na sasa nimetulia Nakuru. Medikali, yaani ule upimaji wa afya wa madereva, nimepita nikiwa na mashine mara nne, moja nikaangushwa, na hiyo nitawaambia.

Mzee, niko Webuye, nina mashine miezi miwili lakini naivaa mara mbili tatu kwa wiki juu inanisumbua pua. Kampuni imenipa medikali baada ya wiki tatu. Bado naweza kujikomboa? – Dereva wa trela

Kijana wangu, unaweza, lakini anza leo usiku, si Jumatatu. Hiyo mashine inaandika kila kitu: ulivaa saa ngapi, ukavua saa ngapi, hewa ilivuja kiasi gani, na pumzi ilikatika mara ngapi kwa saa. Kipimo kinachotumika sana ni angalau saa 4 kwa usiku, kwa asilimia 70 ya siku, yaani usiku 21 kati ya 30. Sasa piga hesabu na mimi. Ukiivaa usiku zote 21 zilizobaki, na zile siku tisa za nyuma ulivaa tuseme tatu, hiyo ni 24 kwa 30, asilimia 80, uko sawa kabisa. Lakini daktari akitaka kuona tangu siku ya kwanza, utakuwa na kama usiku 43 kwa 81, nusu na kidogo tu, na hapo itabidi umweleze kilichokuwa kinakusumbua na umerekebisha nini. Kwa hivyo wiki hii rudi kwa waliokupa mashine uwaambie hiyo maneno ya pua. Mara nyingi ni maski saizi si yako ama hewa ni kavu inataka maji kwa kale katangi. Wengi tunateseka miezi na kitu cha kurekebishwa dakika kumi.

Na usijaribu ile ujanja ya kuwasha mashine uiache inapuliza godoro. Nimeisikia. Ripoti itaonyesha hewa inavuja usiku mzima kama tairi imepasuka, daktari atajua tu.

Sasa siku yenyewe, beba ripoti imechapishwa, beba barua ya daktari wako wa usingizi, beba matokeo ya kile kipimo cha kwanza cha usingizi, na beba mashine pamoja na kadi yake ya kumbukumbu ikiwa ndani. Mimi niliangushwa kwa sababu ya kadi. Niliipeleka saiba wanichapishie, kijana akasema printa haina wino nirudi kesho, nikachukua begi nikaenda zangu, kadi ikabaki kwa kompyuta yake. Kesho yake niko mbele ya daktari na mashine nzuri imepanguswa inang'aa, haina kitu ndani. Nikamwonyesha mashavu, alama za kamba za maski bado ziko. Akaniangalia akasema, "Mzee, hizi alama hazina tarehe." Nikarudishwa nyumbani wiki nzima, bila safari, bila marupurupu.

Napakia mafuta Kisumu napeleka Uganda. Nikitaja hii mashine kwa medikali si nitatolewa kwa tanki? Naona heri ninyamaze.

Naelewa hofu yako na sitakudanganya kwamba kila mwajiri ni mwelewa, wengine wakisikia neno "mashine" wanadhani uko ICU. Lakini fikiria unaficha nini. Daktari atakupima shingo, uzito na presha, na hizo tatu zinaweza kukusema kabla hujafungua mdomo. Kuna fomu unaweka sahihi. Siku ukigonga, Mungu aepushe, wanasheria wataitafuta hiyo fomu kwanza. Dereva anayetibiwa na ana ripoti ya miezi mitatu si hatari kama yule anayekoroma bila kujua, na daktari wa medikali anajua hivyo. Anza na yeye, si na bosi. Mwambie, "Nina apnia, natumia mashine, ripoti ni hii." Ukiingia ukiwa umeshika karatasi mkononi mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Halafu jambo lingine dogo. Mashine haifuti sheria ya saa. Traffic Act yetu inasema dereva wa gari la biashara asipitishe saa 8 za kuendesha kwa saa 24, na mimi najua vile tunazihesabu hizo saa 8 huko barabarani. Ukilala saa tatu tu, CPAP itakusaidia kupumua hizo saa tatu, haitakuongezea zingine.

Baba, mimi ni wa Lanet lakini sasa niko Texas naendesha trela huku. DOT physical yangu inakaribia na nimeanza CPAP mwaka huu. Wanaangalia nini?

Hongera kijana. Huku kwetu na huko ni tofauti kwa hivyo wengine msichanganye. Huko Marekani medikali yao, hiyo DOT physical, lazima ufanyiwe na mtu aliye kwa National Registry ya serikali, yaani orodha ya wapimaji walioidhinishwa, si kliniki yoyote. Kadi ya medikali ikiwa safi kabisa inadumu mpaka miezi 24, lakini mwenye apnia mara nyingi hupewa miezi 12, kwa hivyo usishtuke wala usigombane na mtu kaunta. Sheria yao haitaji CPAP kwa jina. Kulikuwa na mpango wa kutunga kanuni ya apnia, ukaondolewa Agosti 2017, kwa hivyo uamuzi uko kwa huyo anayekupima, na ndiyo maana mmoja anataka ripoti ya siku 30 na mwingine siku 90. Piga simu kabla uulize. Fomu inauliza waziwazi juu ya shida za usingizi na kukoroma, jibu ukweli.

Presha wanataka iwe chini ya 140 kwa 90, na ikifika 180 kwa 110 hupiti siku hiyo. Macho 20/40 kila jicho, yaani usome kwa futi 20 kile mwenye macho mazuri anasoma kwa futi 40, miwani inaruhusiwa. Mkojo ni wa kuangalia sukari, protini na damu, ule wa dawa za kulevya ni kipimo kingine. Nenda mwezi mmoja ama miwili kabla kadi haijaisha, usingoje siku ya mwisho ukidaiwa karatasi moja uanze kukimbizana.

Stima kwa gari ni volti 24, mashine imeandikwa volti 12. Niunganishe tu moja kwa moja?

Wacha! Utaichoma. Tafuta adapta ya kampuni iliyotengeneza mashine yako, iandikwe inakubali 12 na 24, ama inverta nzuri ya mawimbi laini. Ukilala kwa cabin zima ile hita ya maji ya mashine, ndiyo inakula stima nyingi, bila hiyo mashine inatumia kidogo na asubuhi injini itawaka. Na usiku huo wa cabin unahesabiwa kwa ripoti kama usiku mwingine, kwa hivyo "nilikuwa safari" si sababu.

Maji ya betri ya petroli stesheni yanafaa kwa mashine?

Hapana. Kwanza wengine huwekea asidi kwa chupa karibu sawa na hizo, na hiyo ni hewa unavuta usiku mzima. Nunua maji yaliyotoneshwa (distilled) kwa duka la dawa. Ukikosa siku moja, chemsha yapoe, asubuhi mwaga usiache yalale.

Baba, niko Kakamega, mume wangu anabeba miwa na trekta. Anakoroma, halafu ananyamaza kabisa, halafu anashtuka kama amekabwa. Nikimwambia akapimwe anasema kukoroma ni kushiba. – Mama watoto

Dadangu, hata mimi nilisema hivyo. Niliokolewa na tanboi wangu. Tulilala Salgaa usiku mmoja, mimi kwa kitanda cha nyuma, yeye kwa kiti. Saa nane ananitingisha mguu analia, "Mzee! Mzee!" Nikamtukana. Akaniambia amekuwa akihesabu, nanyamaza mpaka anafika ishirini na mbili ndipo naguruma tena, na mara hiyo alifika thelathini na akadhani ameachwa na maiti na trela ya mbolea.

Kimya cha sekunde 10 na zaidi tayari kinahesabiwa. Mara 5 mpaka 14 kwa saa ni hali ndogo, 15 mpaka 29 ya kati, 30 kwenda juu ni kali. Sasa usibishane naye. Mrekodi kwa simu usiku dakika mbili tatu, asubuhi akinywa chai umchezee, unyamaze. Kisha mpeleke hospitali kubwa kwa daktari wa pua na koo ama wa kifua. Siku hizi kuna kipimo cha kulala nacho nyumbani, kamba kifuani, kitu kwa kidole na kamrija puani. Mpaka apimwe, akisinzia kwa trekta apaki kando, hiyo usimbembeleze.

Presha yangu hupanda nikimwona tu daktari.

Fika mapema, kojoa, kaa dakika tano miguu chini bila kuongea, na asubuhi hiyo hakuna kahawa, enaji drinki, sigara wala miraa. Dawa zako za presha meza kama kawaida. Ikiwa juu bado omba ipimwe tena. Na apnia isiyotibiwa yenyewe inapandisha presha, kwa hivyo zile usiku za mashine zinakusaidia hapa pia.

Lazima ninyoe ndevu?

Kama maski inavuja, ndiyo. Mimi nilinyoa, mke wangu akasema nafanana na mjomba wake, tukanunua ile ya kuingia puani tu na ndevu zikarudi.